Wageni wa Ngoro: Mazao na Mifugo Iliyofika Mashambani Kwetu

Kijitabu cha harambee kinapofika kwenye ukurasa wa historia huwa kinaandika mambo matatu: machifu, misheni na kahawa. Mwaka huu harambee yetu ni ya kitalu cha miche. Nimeona tuwaache machifu wapumzike kidogo, tuandike historia ya shamba. Sisemi shamba la misheni wala la serikali. Nasema shamba la familia moja ya kawaida, lile linaloanza nyuma ya nyumba kwenye migomba na kahawa, likateremka hadi kijitoni, na kwenye mteremko wa ng'ambo likawa ngoro.

Ukisimama kwenye shamba kama hilo ukauliza kila kilichomo kimetoka wapi, utashangaa. Mahindi na maharage asili yake ni bara la Amerika. Muhogo vivyo hivyo, na viazi vya aina zote mbili, vitamu na mviringo. Migomba ilitoka Asia zamani sana. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, lakini ilivuka kwenda Yemen, ikapandwa visiwani katika Bahari ya Hindi, ndipo ikarudishwa Afrika Mashariki na wamisionari. Mkaratusi ni wa Australia, na mgrevilea tunaoutegemea kwa kivuli na kuni pia ni wa huko huko. Nguruwe wa kufugwa aliingia nchini kwa mkono wa Wazungu. Chenye haki ya kudai kwamba ni mwenyeji ni ulezi, labda na kunde. Karibu kila tunachokiita chakula cha kwetu kilifika kama mgeni, kikapewa mahali pa kukaa.

Mahali hapo palikuwa ngoro, na ngoro yenyewe haikuletwa na mtu.

Watoto wetu waliozaliwa Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo wanasoma vitabu vinavyosema kwamba wakulima hupanda majira ya machipuko, baridi inapoisha. Wakija likizo mwezi wa sita wanakuta baridi ndiyo imeanza na maharage yanakaribia kuvunwa, wanadhani wakulima wa kwetu wamechanganyikiwa. Wafahamishwe kwamba kwetu kuna kifuku kimoja, kirefu, kinachoanza kati ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili na kuisha mwezi wa nne au wa tano, chenye mvua inayopita milimita 1,000. Ndani ya kifuku hicho tunapanda mara mbili. Mara ya kwanza mvua inapoanza, na hayo ni mahindi. Mara ya pili ni mwezi wa tatu, mvua inapokaribia kumaliza kazi yake, na hayo ni maharage. Mahali pengi katika Tanzania mkulima mwezi wa tatu anapalilia au anasubiri. Mwanamke wa Umatengo mwezi wa tatu ndio anaanza kuchimba.

Kwa wale waliosahau, au waliokuwa shule ya bweni wakati wa kazi hiyo, ngoro inatengenezwa hivi. Shamba lililopumzika limeota majani marefu. Wanaume wanayafyeka kwa nyengo, wanayaacha yanyauke kwa siku kadhaa, kisha wanayapanga chini kwa mistari inayokatana, mingine ikishuka na mteremko, mingine ikiukata. Mteremko wote unakuwa kama daftari la hesabu lenye vyumba. Majani hayachomwi. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kilimo cha zamani cha ulezi msituni kilitegemea moto, na ngoro inategemea kutokuwepo kwa moto. Baada ya hapo wanawake wanaingia na majembe. Kila chumba kinachimbwa katikati na udongo wake unarushwa juu ya majani pande zote nne. Mbegu za maharage zinamwagwa juu ya udongo huo, kisha udongo mwingine kutoka shimoni unazifunika. Kinachobaki ni shimo lenye upana wa mita moja na nusu hivi, limezungukwa na matuta yenye majani tumboni.

Mvua ikipiga, maji hayateremki mlimani. Yanaingia shimoni, yanatulia, yananywewa polepole na udongo, na tope lililobebwa linabaki mle mle. Majani yaliyofukiwa yanaoza na kuwa mbolea. Magugu ya palizi na mabua ya maharage yanatupwa shimoni, nayo yanaoza. Maharage yakishavunwa mwezi wa sita au wa saba, matuta yale yale yanasubiri mvua mpya na kupokea mahindi. Mahindi yakitoka shamba linaachwa liote majani, hadi mwezi wa tatu mwingine ufike, na safari hii mashimo yanachimbwa palipokuwa na matuta. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni miaka miwili, na ndiyo maana familia inayojitegemea ilihitaji angalau mashamba mawili: moja likiwa la mahindi, la pili ndilo linalochimbwa kwa ajili ya maharage.

Tupige hesabu ndogo. Kutoka katikati ya shimo moja hadi la pili ukihesabu mita mbili, ekari moja ina ngoro zipatazo 1,000. Kila moja imechimbwa kwa jembe la mkono, mgongo umeinama, kwenye mteremko ambao mgeni akipanda anashika majani asianguke.

Kwa nini watu walikubali kazi ya namna hiyo? Maelezo yanayotolewa zaidi yanarudi kwenye karne ya 19. Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika walifika nchi ya Songea katikati ya karne hiyo, na mashambulizi yao yaliwasukuma Wamatengo kwenye milima na mapango ya upande wa Litembo. Watu wengi wakabanana kwenye eneo dogo lenye miteremko mikali. Msitu wa kufyeka na kuhama ukaisha. Aliyekuwa amezoea kuiacha ardhi iliyochoka na kwenda mbele akajikuta hana mbele ya kwenda, akalazimika kuifanya ardhi ile ile isichoke. Wapo wanaosema mashimo yalikuwepo hata kabla ya Wangoni, na vita vilichofanya ni kuyaeneza tu. Mimi sioni kama ubishi huo unabadilisha jambo: ni watu waliokosa nafasi ndio walioikamilisha ngoro, na hadi leo ngoro inafaa pale penye watu wengi na ardhi kidogo.

Ardhi yenyewe iligawanywa kwa ntambo, kila ntambo ukiwa ni mgongo wa kilima ulio kati ya vijito viwili, kuanzia bondeni hadi juu, chini ya ukoo mmoja. Mambo ya ntambo yalizungumzwa kwenye sengu, pale ukoo ulipokula pamoja na wazee kuamua. Anayelima juu na anayelima chini walikuwa ndugu, hivyo tope la mmoja lilikuwa aibu ya wote. Nadhani vijana wanaosomea mazingira vyuoni wangefaidika kuandika juu ya sengu kama wanavyoandika juu ya mashimo.

Wakati wa Waingereza mambo ya ajabu kidogo yalitokea. Sehemu nyingi za Tanganyika serikali iliwalazimisha wakulima kuchimba makinga maji kwa amri na faini. Uluguru, mwaka 1955, amri hizo zilizaa ghasia. Kwetu maofisa walikuta kazi imekwisha kufanyika. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika makala kuhusu uhifadhi wa udongo wa Wamatengo katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1944 Stenhouse akaandika kuhusu kilimo cha nyanda zetu katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Miaka zaidi ya hamsini baadaye Wajapani wakaja wakapima tena. Juichi Itani alichapisha tathmini yake ya ngoro mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Sokoine kikishirikiana na Wajapani kiliendesha kazi ya maendeleo vijijini ambayo wengi tunaikumbuka kwa mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji kule Kindimba. Bibi zetu wamepimwa mashimo yao mara nyingi kuliko watu wengi wa nchi hii. Waliopima walipata shahada, na wengine tulipata mashine ya kusaga, jambo ambalo si dogo kwa aliyewahi kubeba mahindi kichwani kwenda kuyasaga mbali.

Sasa turudi kwa wageni wenyewe, na aliyepata heshima kuliko wote ni kahawa.

Kahawa ilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920. Haikuchukua mahali pa ngoro mara moja. Ilipandwa karibu na nyumba, chini ya migomba, kwenye samadi na takataka za jikoni. Ilipata ukarimu kwa sababu moja ambayo wataalamu wa masoko huwa hawaitaji: kalenda yake haikugombana sana na ya ngoro. Ngoro zinachimbwa mwezi wa tatu. Kahawa inaiva kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, wakati shamba la mlimani halina kazi nzito isipokuwa kuvuna. Laiti kahawa ingetaka kuchumwa mwezi wa tatu, nafikiri leo tungekuwa tunaisoma kwenye vitabu kama jaribio la Wazungu lililoshindikana.

Mwaka 1936 uliundwa ushirika wa Wangoni na Wamatengo, NGOMAT. Tumbaku ya Ungoni ndiyo iliyokuwa nguzo yake, na kahawa yetu nayo ikapata mlango huo. Kilichojengwa na kahawa hakuna asiyekijua: mabati, ada za sekondari, na wengi kati ya wanaosoma kijitabu hiki wakiwa na viatu miguuni. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, baadaye tukapata MBICU, chama kikuu cha Mbinga. Chama kikuu kilikuwa na kasoro zake, lakini kilikopesha pembejeo. Mkulima alichukua dawa na mbolea, akakatwa alipouza.

Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa duniani ulivunjika, na bei ikaanguka. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili na bei ikaruka juu. Wakati huo huo soko letu lilikuwa limefunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kwa msimu mmoja au miwili Mbinga ilijaa magari, redio na sherehe. Wanunuzi walilipa taslimu mlangoni, na aliyekuwa na deni la dawa kwenye ushirika aliuza kahawa kwa mwingine. MBICU ikaanguka, na mkopo wa pembejeo ukaanguka nao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ilipodidimia, mkulima alikuwa hana dawa, hana mkopo, na mibuni yake ni ile ile aliyoirithi, isiyo na kinga dhidi ya chulebuni wala kutu ya majani. Chulebuni inaoza tunda likiwa bichi. Unaona mti umejaa mwezi wa pili, mwezi wa sita unachuma nusu debe.

Hapo ndipo hadithi ya kahawa na hadithi ya ngoro zinapokutana vibaya. Miaka ya bei nzuri, kahawa ilikuwa imeshapanuka kutoka nyuma ya nyumba hadi kwenye ardhi tambarare na ya karibu. Ngoro zikasukumwa mbali na juu. Shamba la maharage lililokuwa mwendo wa kuita mtu likawa mwendo wa saa nzima. Watu wakaongezeka na ntambo ukagawanywa vipande vipande. Mapumziko ya shamba yakafupishwa, na shamba lisilopumzika haliotI majani ya kutosha kufukia. Ngoro isiyo na majani tumboni ni shimo tu. Familia nyingi zilihama, zikashuka kwenye misitu ya miombo kulikokuwa na nafasi, na huko wengine waliacha ngoro kabisa kwa kuwa ardhi ilikuwa tambarare na ya kutosha. Wengine wakahamia mjini. Sisi tunaochangia harambee hii ni sehemu ya uhamaji huo, hata kama tunapenda kusema tulifuata elimu.

Na hapa niseme jambo ambalo kwenye vikao vyetu husemwa kwa kunong'ona. Fedha ya kahawa iliingia mfukoni mwa baba. Kazi ya ngoro ilibaki mgongoni mwa mama. Kahawa iliposukuma ngoro mbali, aliyeongezewa mwendo si yule aliyeshika daftari la ushirika. Miaka ambayo kahawa ilianguka, nyumba zilikula maharage na mahindi ya ngoro, na gunia lililobaki liliuzwa kulipa ada. Hesabu za ushirika hazikuandika gunia hilo.

Wageni wenye miguu wana habari yao. Mbuzi wapo siku nyingi, na samadi yao ndiyo iliyolea kahawa ya kwanza. Nguruwe alipendwa upesi kwa sababu zilizo wazi: anazaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja, anakula pumba na mabaki ya jikoni, anafungiwa bandani hivyo haharibu matuta, na samadi yake inapatikana mahali pamoja. Kwa mwanamke mwenye banda dogo, nguruwe jike akizaa mwezi wa tisa, watoto wanakuwa wa kuuzwa shule zinapofunguliwa mwezi wa kwanza. Nimeona familia zikisubiri siku hiyo ya kuzaa kwa wasiwasi kuliko zinavyosubiri mnada wa kahawa, taa ya mkono ikiwa imening'inizwa bandani na mtu akikesha ili mama asiwalalie wanawe.

Ila nguruwe ana hatari yake, na vijana wanaoleta mbegu za kisasa kutoka mbali waisikie. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri wa porini wanaishi na virusi vyake bila kuumwa. Nguruwe wa kufugwa akiupata anakufa ndani ya siku chache, na haina tiba. Inasafiri kwa nyama, kwa viatu, kwa gari lililobeba nguruwe jana, kwa mabaki ya hotelini yasiyochemshwa. Ukiingia karantini imetangazwa ndio umechelewa. Mnyama mpya atengwe wiki kadhaa kabla hajachanganywa na wa zamani, na mnunuzi asiingie bandani na viatu vyake. Mambo haya hayahitaji harambee.

Kule ziwani ndugu zetu, ambao tangu 2012 wana wilaya yao ya Nyasa lakini bado tunapelekeana maharage na dagaa, wana kisa chao cha wageni. Chakula chao kikuu ni muhogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kilifika kidudu cheupe chenye unga unga ambacho mabwana shamba wanakiita kidung'ata. Kilitoka Amerika ya Kusini, kikaingia Afrika miaka ya 1970, kikasambaa bara zima. Vikonyo vya muhogo vilijikunja na mizizi ikawa kama vidole. Mswisi Hans Herren na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Nigeria walimtafuta adui yake huko huko kilikotoka, wakampata nyigu mdogo kuliko mbu, wa Paraguay, anayetaga mayai ndani ya kidudu hicho. Nyigu huyo alifugwa na kuachiliwa nchi moja baada ya nyingine, na muhogo ukapona bila mkulima kununua dawa. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Ni mgeni pekee ninayemjua ambaye alikuja, akafanya kazi, na hakudai ardhi.

Kinyume chake ni mkaratusi. Ulipandwa kwa nia njema, kwa mbao na nguzo, na ukapandwa hadi kwenye vyanzo vya maji. Unakunywa sana. Vijito vinavyogawa ntambo na ntambo vimepungua mahali pengi, na wazee wanajua mti gani uko juu yake. Kwa maoni yangu kuikata mikaratusi ya kwenye chemchemi kungefaa kitalu chetu kuliko mabomba mapya, lakini mikaratusi ina wenyewe, na wengine ni wanachama wa chama hiki.

Sasa wapo wageni wawili mlangoni. Wa kwanza ni parachichi aina ya Hass, lililopewa jina la tarishi mmoja wa California, Rudolph Hass, aliyeandikisha hataza ya mti wake mwaka 1935. Njombe wameshaliingia kwa nguvu, na tangu lami ifike Mbinga na kuendelea hadi Mbamba Bay, madalali wa miche wamefika na kwetu. Wa pili ni kahawa yenyewe, lakini kahawa mpya: miche chotara ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ambayo makao yake yako Lyamungu na ina kituo chake Ugano hapa kwetu. Miche hii inahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima wake hafungwi na dawa ya kupuliza kama wa ile ya zamani, na tukikumbuka kilichotokea pembejeo zilipokosekana, hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Kamati imekubali kwamba kitalu kitaanza na kahawa. Ubishi uliobaki ni mahali pa kuipanda, na nimeombwa nisiuandike, lakini ndio historia yote niliyoieleza. Wapo wanaotaka kila kaya ipewe miche ya kupanua shamba, kwa kuwa bei sasa inavutia. Kupanua maana yake ni kuchukua tena ardhi ya karibu, na ngoro zisogee tena juu, na mama aamke tena mapema zaidi. Upande wangu nasema miche itolewe kwa kubadilishana: mbuni mmoja mzee ung'olewe, mche mmoja mpya uingie pale pale. Shamba la kahawa libaki na ukubwa wake, lizae zaidi. Na orodha ya wanaopokea iandikwe majina ya mume na mke wote wawili, kwa sababu shimo la mche nalo litachimbwa na mtu, na sote tunajua mara nyingi atakuwa nani.

Shimo lenyewe lina vipimo. Ni sentimita 60 kila upande na sentimita 60 kwenda chini, udongo wa juu ukiwekwa kando na wa chini kando. Linachimbwa miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, linajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha linaachwa litulie. Kupanda ni mvua ikishakolea, kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo anayetaka miche ya awamu ya kwanza mibuni yake mizee iwe imeng'olewa mara tu baada ya kuchuma, na mashimo yawe tayari mwezi wa tisa, kabla hajaja kuandikisha jina. Mche utachukua kama miaka mitatu kabla haujatoa mavuno ya maana. Katika miaka hiyo nafasi kati ya mistari inaweza kupandwa maharage, na mwenye mbuzi au nguruwe aanze sasa kulundika samadi yake mahali penye kivuli.